Mwenye mzigo ndiye apange safari

Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni mwendo wa kilomita sitini hivi, na sehemu ya kwanza haimsumbui mtu. Lami ya barabara ya Kikagati inapita Kaberebere na kufika Kabingo, makao makuu ya wilaya ya Isingiro, na teksi, lori na pikipiki zote zinaipita bila hadithi. Shida huanza mzigo unapoacha lami. Mbele kuna barabara ya udongo mwekundu, vilima vya migomba, na vijia vinavyokata mabega ya vilima kuelekea Base Camp, Juru, Rubondo na vijiji ambako lori halifiki, au hufika siku ile tu mwenye lori anapoona faida ya kufika. Unga, robota la vitenge, katoni za sabuni, maziwa ya unga, dagaa, paneli za sola: kwa wengi, vyote hivyo humalizia safari juu ya pikipiki.

Biashara hiyo inaendeshwa kwa mgawanyo wa kazi uliozoeleka hadi hauonekani tena. Mwenye mzigo hupanga bei. Dereva wa boda boda hupanga safari. Mwenye mzigo amesimama dukani Mbarara na simu mkononi, anauliza maswali mawili tu: ni shilingi ngapi, na utafika saa ngapi. Mengine yote ameachiwa kijana: apite njia ipi, mzigo ufungwe vipi, mvua ikinyesha asubiri wapi, cheni ikikatika mlimani nani alipe. Katika watu wote wanaoguswa na safari hiyo, kijana huyo ndiye mwenye pesa kidogo kuliko wote, na ndiye anayebeba hatari yote.

Mgawanyo huo ni mbaya. Unawagharimu wafanyabiashara pesa wanazodhani wanaziokoa, na unawagharimu madereva miguu, na wakati mwingine maisha. Safari ya pikipiki kwenye vilima inapaswa kupangwa na yule ambaye mzigo ni wake.

Wapo watakaosema Nakivale imeishi hivyo miaka yote. Ni kweli makazi hayo ni ya zamani. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa wakimbizi kutoka Rwanda, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yana Wakongomani, Wasomali, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, watu zaidi ya laki moja na nusu, wakiuziana kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Soko hilo halikujengwa na mradi wa mtu. Limejengwa na watu waliofika bila kitu, chini ya sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inayowaruhusu kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea ndani ya nchi. Muuza duka wa Base Camp na tajiri wa Mbarara wamekuwa wakihitajiana muda mrefu.

Kilichobadilika ni faida. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliondoa karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwenye orodha ya msaada. Kila mwenye duka katika makazi anajua maana yake. Fedha za msaada ndizo zilizokuwa zikigeuka kuwa unga, mafuta ya kupikia na sabuni katika juma lile lile zinapotolewa. Mteja aliyekuwa akinunua kilo tano sasa anapimiwa moja. Mwenye duka, badala ya kuagiza lori, anaagiza magunia mawili. Magunia mawili hayajazi lori, hivyo yanapanda pikipiki. Kwa maneno mengine, umaskini wa mteja umesukuma mzigo mwingi zaidi kwenye vijia vya vilima, na faida ya kila safari imekuwa nyembamba kiasi kwamba gunia moja likianguka kwenye tope, safari tatu zijazo zinafanyika kulilipa gunia hilo.

Hesabu ya uzito inafaa ianzie hapo, kwa kuwa ndipo wengi wanapojidanganya.

Pikipiki ndogo ya kazi, ile ya cc 100 au 125 inayoonekana kila kituo cha boda boda kuanzia Mbarara hadi Goma, imeundwa kubeba dereva na abiria mmoja. Watu wawili wazima ni kilo 140 au 150. Magunia mawili ya kilo mia, pamoja na dereva wa kilo 70, ni kilo 270. Kwenye lami ya Kaberebere pikipiki hiyo itakwenda, na tajiri atajisifu kwamba imekwenda. Kwenye mteremko wa udongo uliolowa mambo ni mengine. Mzigo wote uko nyuma ya dereva na juu ya tairi la nyuma, tairi la mbele limekuwa jepesi, na usukani hausikii. Breki za nyuma za aina hii ni za kubana ndani ya kikombe cha gurudumu. Zikishikiliwa mteremko mrefu hupata moto na kulegea. Dereva mzoefu hushuka kwa gia ndogo, injini ikimshikia mzigo, breki akiigusa kidogo kidogo. Dereva mgeni hushika breki kuanzia juu, na anapofika nusu ya kilima hana tena cha kushika.

Tajiri halioni hilo, kwa sababu analipa kwa safari. Malipo ya safari moja kwa bei moja ndiyo yanayopandisha gunia la pili. Kijana anapoambiwa malipo ni yale yale apeleke gunia moja au mawili, au anapoongezewa pesa kidogo tu kwa gunia la pili, anafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye njaa angeifanya. Halafu ikitokea ajali, watu husema vijana wa boda boda ni wakorofi. Ukorofi upo, hakuna haja ya kuuficha. Wapo wanaokimbia na wapo wanaokunywa. Lakini gunia la pili halikujipandisha lenyewe.

Mfano mmoja wa hesabu unatosha. Mwenye duka wa Rubondo anataka magunia manne. Akimpa dereva mmoja magunia mawili mawili, ni safari mbili za hatari, kila moja ikiwa na kilo 200 nyuma. Akitumia madereva wawili wanaokwenda pamoja, kila mmoja akibeba gunia moja na kurudia kesho yake, ni safari nne za mzigo, na gharama ya petroli inaongezeka. Hapo ndipo wengi hufunga daftari. Hawaendelei kuhesabu tairi la nyuma linaloisha kabla ya wakati, spoki zinazokatika, unga uliomwagika, siku mbili za duka kukaa tupu wakati pikipiki iko kwa fundi, na lile deni la hospitali ambalo, kwa aibu au kwa utu, mwenye mzigo huishia kuchangia. Akihesabu yote hayo kwa miezi sita, gunia moja moja si ghali kama linavyoonekana. Na kama bado ni ghali kwake, basi magunia manne ya jirani yake yaunganishwe na yake na waite gari la kubeba mizigo siku moja ya juma. Hiyo nayo ni mipango, na dereva wa boda boda hana uwezo wa kuifanya, kwa sababu hajui jirani ameagiza nini. Wenye maduka wanajua.

Baada ya uzito kuna mvua. Isingiro iko katika ukanda mkavu wa wafugaji. Kuna miaka ambayo watu wanalia ukame. Ukavu huo ndio unaowadanganya wageni. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, zinaposhuka, zinashuka juu ya udongo ambao kwa wiki kadhaa umekuwa vumbi, na kwa nusu saa kilima kinakuwa kama kimepakwa sabuni. Maji yote ya upande huo yanatafuta mabonde na ziwa. Mto Rwizi wenyewe, ambao watu wa Mbarara wanauvuka kila siku bila kuutazama, unaingia katika maziwa na matete hayo hayo ya Mburo na Nakivale. Njia ya bondeni ikijaa tope, dereva hupanda mgongo wa kilima, ambako kijia ni chembamba na kina mawe lakini maji hayasimami.

Mwenye mzigo anayepanga vizuri huuliza jambo moja kabla ya kupakia: leo asubuhi mvua imenyesha upande gani? Simu moja kwa mwenye duka wa mbele inatosha. Kama imenyesha, mzigo unakaa hadi saa sita, jua likaushe. Saa nne za kusubiri hazina gharama kubwa kama mwenye mzigo ndiye anayezilipia. Zina gharama kubwa sana kama anayezilipia ni dereva, ambaye kila saa anayosubiri ni abiria anaowakosa mjini. Kwa hiyo dereva hasubiri. Anaondoka.

Na asiondoke saa kumi jioni. Hili halihitaji maelezo marefu. Taa ya pikipiki nyingi inaangaza hatua chache, kijia cha kilimani hakina alama, na mtu akianguka saa mbili usiku hapati wa kumwinua hadi wakulima wapite alfajiri. Kituo cha afya kipo Base Camp, kingine kipo Rwekubo, na mfupa uliovunjika vibaya unapelekwa hospitali ya rufaa Mbarara. Kati ya kilima na Mbarara kuna saa nyingi kwa mtu anayevuja damu. Madereva wawili wakienda pamoja, mmoja anaweza kufuata msaada. Sababu hiyo peke yake ingetosha kuachana na safari ya mtu mmoja mmoja.

Upo ushauri mwingine unaopendwa na watu wenye mitaji kidogo: ziletwe pikipiki za magurudumu manne, zile ambazo watalii hupandia karibu na Mto Nile kule Jinja. Kwa macho zinavutia. Zina tairi pana, hazizami kwenye mchanga, na mtu haitaji kuweka mguu chini ili zisimame. Mfanyabiashara anayezifikiria ajue mambo mawili. Kwanza, magurudumu manne hayazuii kupinduka. Kwenye mwinuko mkali mzigo ukiwa nyuma, chombo hicho huinuka mbele na kumwangukia dereva, na kikikata kilima kwa ubavu hubingirika. Australia, ambako wakulima na wafugaji hukitumia kila siku, vifo vya namna hiyo viliilazimisha serikali kuamuru kwamba kuanzia Oktoba 2021 kila kipya kinachouzwa kwa matumizi ya kawaida kiwe na kinga ya kumlinda dereva kisipomponda kinapopinduka. Wa magurudumu matatu alikuwa mbaya zaidi: Marekani waliacha kuuza vile vya kupandia vilima mwaka 1988, baada ya majeruhi wengi, wakiwemo watoto. Anayepakia guta la magurudumu matatu hadi juu na kulipeleka kwenye bega la kilima akumbuke kwamba umbo ni lile lile, gurudumu moja mbele na mawili nyuma.

Pili, vipuri. Pikipiki ya kawaida ikifa Juru, kuna fundi chini ya mti mwenye waya wa klachi, plagi na kipande cha cheni, na kama hana, kijana mwingine atamletea kutoka Kabingo. Chombo cha watalii kikifa hapo, kitakaa hapo. Chombo bora cha mlimani ni kile ambacho fundi wa karibu anakijua. Wakongomani wa Nakivale hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika vilima vya Kivu ya Kaskazini watu wamesomba viazi, makaa na mbao kwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na injini, na mji wa Goma umeisimamishia sanamu. Chukudu ikivunjika, mwenye shoka anaitengeneza. Sifa hiyo ndiyo ya kutafuta katika chombo chochote, kiwe cha magurudumu mawili au manne.

Hadi hapa safari imekuwa ndani ya Uganda. Kwa wengi wanaosoma ukurasa huu haiishii hapo. Lami ile ile ya Mbarara inaendelea hadi Kikagati, kwenye Mto Kagera, na ng'ambo ya daraja ni Murongo, wilaya ya Kyerwa, Tanzania. Upande mwingine kuna Mirama Hills na Kagitumba kuelekea Rwanda. Vilima haviishi mpakani, na vijia navyo haviishi. Kila mtu wa eneo hilo amesikia habari za kahawa ya Karagwe na Kyerwa inayovuka usiku juu ya pikipiki, na za mkulima aliyeuza kahawa yake ingali maua kwa mpango ule uitwao butura, kwa kuwa alikuwa na mtoto mgonjwa. Njia za panya zina wateja kwa sababu zinaonekana rahisi.

Si rahisi kama zinavyoonekana, na kwa mfanyabiashara mdogo mara nyingi hazina hata sababu. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, kuvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya mazao vinabaki kama sheria ya kila nchi inavyotaka, na kwa mahindi au maharage hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kupakia. Lakini mzigo wa pikipiki moja, au hata wa pikipiki tano, haufiki dola 2,000 mara nyingi. Anayeupitisha kwenye kijia cha mlimani usiku anamwekea dereva hatari ya kuanguka, ya kukamatwa na ya kunyang'anywa mzigo, ili akwepe ushuru ambao huenda hakuwa anadaiwa.

Na hapo kuna jambo ambalo matajiri wengi hawalipi uzito. Dereva ni nani? Katika vituo vya boda boda vya Nakivale wengi ni wakimbizi. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, Somalia ikafuata mwaka 2024, na kwa hiyo Mkongomani na Msomali wa Base Camp wanatoka katika nchi wanachama kama alivyo Mganda wa Mbarara. Hotuba za mikutano hupenda kuishia hapo. Mkimbizi hawezi kuishia hapo. Uhuru wa kutembea aliopewa na sheria ya 2006 ni wa ndani ya Uganda. Kuvuka mpaka anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, na akianza kutumia pasi ya nchi aliyoikimbia, au akirudi huko kwa biashara, anaweza kuulizwa kama bado anahitaji hifadhi. Kwa Mrundi au Mnyarwanda mwenye kesi nyumbani, kilima kimoja kilichovukwa usiku ili kupeleka sabuni za mtu mwingine kinaweza kumgharimu zaidi ya mguu.

Mwenye mzigo anayejua hivyo hupanga tofauti. Mzigo unaletwa na dereva wa Nakivale hadi Kikagati na kushushwa. Dereva wa Murongo, mwenye hati za Tanzania na pikipiki iliyosajiliwa Tanzania, anaupokea baada ya forodha. Ni malipo mawili badala ya moja, na mtu mmoja wa kuaminika pale Kikagati wa kusimamia makabidhiano. Wasomali wenye maduka wamezoea biashara ya namna hiyo, ya mtu kumpokea mtu, mji kwa mji, kwa simu na kwa jina. Wengine wanaweza kujifunza kwao.

Bima nayo isisahaulike, kwa sababu inaleta ubishi kila ajali inapotokea. Bima ya lazima nchini Uganda, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1989, ni ya mtu wa tatu: inamhusu yule aliyegongwa. Haimlipi dereva aliyeanguka mwenyewe na gunia lake kwenye korongo, wala hailipi gunia. Anayesema "pikipiki ina bima" akidhani mzigo wake umelindwa anajidanganya. Wafanyabiashara watano au kumi wanaotumia kituo kimoja cha boda boda wanaweza kuweka akiba ya safari, kiasi kidogo kwa kila gunia, ikalipia matibabu ya dereva na sehemu ya mzigo uliopotea. Vikundi vya kuweka na kukopa viko kila kijiji cha Nakivale na kila soko la Mbarara. Watu wanachanga kwa ajili ya harusi na misiba. Kuchangia safari inayowalisha hakuhitaji sayansi mpya.

Wilaya na wasimamizi wa makazi nao wana sehemu yao, ingawa mizigo ya lawama inayotupwa kwao kila siku imeshazidi na haifai kuongezwa bila sababu. Barabara kubwa zina bajeti zake na wakandarasi wake. Vijia havina mwenyewe. Vinaanza kama njia ya mbuzi, vinakuwa njia ya miguu, halafu pikipiki, na hakuna siku mtu anayevipima. Rwanda walichukua vijia vya aina hiyo juu ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, wakaviunganisha na kuviwekea alama, wakaviita Njia ya Congo-Nile, kilomita 227, na leo watu hulipa pesa ili wavitembee na kuvipanda kwa baiskeli. Isingiro haihitaji watalii ili kufanya sehemu ndogo ya kazi hiyo. Nguzo zenye namba kwenye njia panda, ili aliyeanguka aweze kusema kwa simu yuko wapi. Mawe yaliyopangwa kwenye vivuko vitatu au vinne ambavyo kila dereva anavijua kwa jina. Mfereji mmoja juu ya kona moja. Madereva wenyewe wangeonyesha mahali, kama kuna mtu angewauliza.

Pingamizi kubwa litatoka kwa wafanyabiashara wadogo kabisa, hasa wanawake wanaosafirisha kikapu kimoja cha dagaa au robota moja la nguo za mitumba. Watasema mipango hii ni ya matajiri. Wao hawana duka, hawana daftari, wanapanda wenyewe juu ya mzigo wao nyuma ya dereva. Pingamizi hilo ni la haki, na kwa kweli wao wanapanga vizuri kuliko wengi. Mama anayepanda pikipiki ile ile iliyobeba mzigo wake hapakii magunia mawili. Anaona mawingu kwa macho yake. Anamwambia dereva ashuke polepole, na akiona breki hazishiki anashuka chini na kutembea. Ana sababu ya kupanga, kwa kuwa mwili wake uko safarini. Tofauti kati yake na tajiri wa Mbarara haiko kwenye elimu wala mtaji.

Muda upo wa wenye maduka ya Mbarara wanaouza Nakivale kukaa na wenyeviti wa vituo vya boda boda vya Kabingo na Base Camp, nusu siku tu, na kukubaliana juu ya mambo yanayoweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja: gunia moja kwa pikipiki moja likishaacha lami; madereva wawili wawili; hakuna kuondoka Kabingo baada ya saa tisa alasiri; saa za kusubiri mvua zilipwe kwa kiwango kinachojulikana; na mzigo wa ng'ambo ukabidhiwe Kikagati. Bei ya usafiri itapanda kidogo. Mwenye duka wa Rubondo ataiona kwenye bei ya unga, na atauliza kwa nini. Ajibiwe kwa hesabu, gunia kwa gunia, pamoja na yale yaliyomwagika msimu uliopita.